Gitaa linalochoma masikio: jinsi ya kuchagua pikapu za kulituliza

Tuelewane kwanza kwenye neno. Pikapu ninayoizungumzia si ile ya kubebea magunia ya mkaa. Ni kile kijisanduku kilicholala chini ya nyuzi za gitaa la umeme, chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, unasafiri kwenye kebo na kuingia kwenye amplifaya.

Magitaa ninayoletewa zaidi ni yale ya umbo la Stratocaster ya kampuni ya Fender, yenye pikapu tatu nyembamba. Malalamiko ni yaleyale: ukiweka swichi kwenye pikapu ya daraja, ile iliyo karibu na nyuzi zinapoishia mwilini, na kupiga uzi wa kwanza, unasikia msumari ukikwangua bati. Mwenyewe anataka sauti nene, iliyoshiba. Ameshasikia kwamba dawa yake ni kubadilisha pikapu, na mara nyingi ni kweli. Ila utaratibu wangu unaanza na vitu visivyo na gharama, na kuna magitaa hayajawahi kuvuka hatua ya pili.

Ukali wenyewe ni nini

Sehemu hii usiiruke, maana ndiyo itakayokuokoa dukani.

Pikapu haichukui sauti zote sawasawa. Koili yake, yaani ule waya uliozungushwa, ikikutana na kebo, kunatokea kilele: mahali fulani kwenye masafa ambapo sauti inanyanyuka, kisha inaporomoka. Kilele hicho kinakaa wapi? Inategemea vitu viwili, indaktansi ya koili, inayopimwa kwa henri, na kapasitansi ya kebo, inayopimwa kwa pikofaradi. Pikapu ya kawaida ya Stratocaster ina henri 2.4 hivi. Iunganishe na kebo ya mita 4 au 5, yenye pikofaradi kama 500, na kilele kinaangukia karibu na hezi 4,600. Huko ni kwenye eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi kuliko kwingine kote.

Sasa chukua hambaka ya mtindo wa zamani, yenye koili mbili na henri kama 4.5. Kwa kebo ileile, kilele kinashuka hadi hezi 3,350 hivi. P-90, pikapu pana ya koili moja, yenye henri 7, inafika karibu na 2,700. Umeona kilichotokea? Hakuna aliyeongeza besi. Ukali umehamishwa tu kutoka juu ukawekwa katikati, nasi tunaiita sauti nene. Ukilishika hilo, utajua kwamba chochote kinachoshusha kilele au kukipunguza urefu kinafanya kazi ileile, na kwamba pikapu ni njia mojawapo tu, tena ndiyo ya bei kubwa kuliko zote.

Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni pikapu

Kuna kijana mmoja mpigaji wa kwaya alinijia na gitaa mgongoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Lina shida gani?"

"Linachoma, fundi. Hela ya pikapu ninayo, wewe niambie tu ninunue ipi."

Nikalichomeka kwenye amplifaya yangu ndogo yenye spika ya inchi 12. Kali kidogo, lakini si la kumkimbiza mtu. Nikamwomba Jumapili niende nikalisikie kanisani. Kule nikakuta gitaa linaingia kwenye kisanduku cha DI, kinacholiunganisha na miksa bila amplifaya, kutoka hapo linakwenda kwenye miksa, na kutoka miksa kwenye spika kubwa za ukumbi zenye twita, vile vispika vya sauti za juu. Spika ya gitaa inaanza kuporomoka baada ya hezi 5,000 hivi. Ndivyo ilivyo, na gitaa la umeme limezoea kuchujwa namna hiyo tangu lilipozaliwa. Twita ya ukumbi haichuji. Inatoa kila mkwaruzo wa piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, na kila kucha. Begini mwake kijana alikuwa na pedali ya efekti yenye uigizaji wa spika, ila alikuwa ameuzima kwa kudhani unapunguza sauti. Tukauwasha. Akapiga wimbo wa kwanza, akanigeukia akicheka. Hela ya pikapu alinunulia nyuzi na mkanda.

Kwa hiyo jiulize: gitaa linachoma kwenye amplifaya ya gitaa, au kwenye spika za ukumbi tu? Kama ni za ukumbi tu, usinunue kitu kwanza.

Halafu nyuzi. Nyuzi mpya za chuma kilichopakwa nikeli zinang'aa sana siku za mwanzo. Za nikeli tupu ni tulivu zaidi. Seti inayoanzia .009 (unene wa uzi wa kwanza kwa inchi) ina sauti nyembamba kuliko ya .010 au .011. Na piki nyembamba yenye ncha kali inachonga sauti. Jaribu nene, ya milimita 1 au zaidi, au ipindue upigie bega lake la mviringo. Najua wengi mtaona ninawapotezea muda. Jaribuni.

Hatua ya 2: Shusha pikapu

Kila pikapu ina skrubu mbili pembeni. Shika uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Kwenye Stratocaster mimi huanzia milimita 2 upande wa uzi mwembamba, na 2.4 upande wa uzi mnene. Nikitaka kutuliza ukali, nashusha upande wa uzi mwembamba robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikisikiliza, hadi nyuzi za juu zikae sawa na za chini.

Pikapu ya shingo nayo itazame. Ikiwa juu mno, sumaku inauvuta uzi, na noti za freti za juu zinapiga kama zimepishana na zenyewe. Watu wengi wamelaumu shingo ya gitaa kwa kosa la sumaku iliyokaribia uzi kupita kiasi.

Hatua ya 3: Fungua bamba, tazama nobu

Legeza nyuzi, fungua skrubu za bamba la plastiki, na kabla ya kugusa waya wowote piga picha kwa simu. Piga tatu, nne, kutoka pembe mbalimbali. Utanishukuru.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni hiki: kwenye mpangilio wa asili wa Stratocaster, ule wa mwaka 1954, pikapu ya daraja haina nobu ya toni kabisa. Nobu mbili za toni ni za shingo na ya kati. Yaani pikapu kali kuliko zote ndiyo iliyoachwa bila breki! Magitaa mengi mapya yamerekebishwa, lakini nakala nyingi bado ziko vilevile. Dawa ni kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 2, kinachounganisha kwenye swichi mguu wa toni ya pikapu ya kati na mguu wa toni ulio upande wa daraja, ambao umeachwa mtupu. Ukifanya hivyo, nobu ya chini inatawala pikapu zote mbili. Ipunguze kutoka 10 hadi 7, usikie.

Cha pili ni thamani ya poti, vile vizungusho vilivyo chini ya nobu. Pikapu za koili moja kwa kawaida hufungwa na poti za kiloomu 250, na hambaka za kiloomu 500. Poti ya 500 inakiacha kilele kisimame kwa urefu wake wote. Ya 250 inakikandamiza. Ukikuta pikapu za koili moja zimefungwa na poti za 500, umeshapata sababu mojawapo ya ukali. Thamani huandikwa mgongoni, lakini poti za bei rahisi hupishana na maandishi yake kwa hadi asilimia 20, kwa hiyo pima kwa multimita miguu miwili ya nje, pikapu ikiwa imetenganishwa. Kama huna poti ya 250, lehemu rizista ya kiloomu 470 kwenye miguu miwili ya nje ya poti ya volyumu ya 500. Zikiwa sambamba zinakupa kiloomu 242. Fundi redio yeyote anayo rizista hiyo kwenye kopo lake.

Na cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Tafuta kapasita ndogo ya pikofaradi 470. Ifunge kwenye jeki ya gitaa, mguu mmoja kwenye waya wa sauti, mwingine kwenye ethi, yaani waya wa ardhi. Umeongeza kapasitansi kana kwamba una kebo ndefu maradufu, na kilele cha pikapu ya Stratocaster kimeshuka kutoka hezi 4,600 hadi 3,300. Mahali pale pa hambaka ya zamani, kwa kitu kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele! Piga nayo wiki moja. Ukipenda, huenda umemaliza. Ukiona imesogea upande unaoutaka lakini bado nyembamba, bado haina nguvu, hapo ndipo nasema kanunue pikapu, na sasa unaijua sauti unayoitafuta.

Nyembamba bado, kwa sababu kapasita haiwezi kufanya kila linalofanywa na hambaka. Hambaka inausikiliza uzi mahali pawili kwa pamoja, na baadhi ya sauti za juu kabisa zinafutana zenyewe. Pia inatoa umeme mwingi zaidi, unaolisukuma amplifaya mapema. Hilo haliigizwi kwa kapasita.

Hatua ya 4: Soma namba bila kudanganyika

Dukani na kwenye matangazo utaonyeshwa namba moja: kiloomu. Stratocaster ya asili ni 5.5 hadi 6.5, hambaka ya zamani 7 hadi 8.5; za nguvu 13, 16 na kuendelea. Watu wanaichukulia namba hiyo kama kipimo cha unene. Ndani ya ukoo mmoja inasaidia: pikapu mbili za Stratocaster zenye waya na sumaku zilezile, ya kiloomu 7 itakuwa imezungushwa zaidi na itakuwa nene kuliko ya 5.8. Ila ukivuka ukoo, namba inaongopa. Waya mwembamba zaidi una ukinzani mkubwa hata kama mizunguko ni michache. Kinachohesabika ni henri, na muuzaji akiiandika kwenye karatasi yake, mpe heshima ya ziada.

Sumaku. Alniko ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na huja kwa namba. Alniko 5 ina nguvu zaidi, inatoa noti yenye kishindo na ncha. Alniko 2 ni dhaifu kidogo, inauachia uzi nafasi, na noti inaanza kwa ulaini. Kwa gitaa linalochoma, namba 2 ndiyo ninayoifikiria kwanza kwenye pikapu za koili moja.

Seramiki imepewa jina baya kwa sababu nakala nyingi za bei nafuu zina kipande cha sumaku hiyo kilichogundishwa chini ya vijiti vya chuma. Tatizo ni namna zilivyotengenezwa, seramiki yenyewe haina hatia. Hot Rails, pikapu ya kampuni ya Seymour Duncan, ni ya seramiki, ina kiloomu zaidi ya 16, na hakuna aliyewahi kuiita nyembamba.

Hatua ya 5: Chagua kwa kiasi cha mabadiliko unachotaka

Jiulize swali moja: unataka gitaa lako libaki na tabia yake lakini lipoe, au unataka gitaa jingine kabisa ndani ya mbao zilezile?

Kama unataka libaki, nunua koili moja. Seti ya Alnico II Pro ya Seymour Duncan ni mfano mzuri: bado ni Stratocaster, bado nafasi za swichi namba 2 na 4, zinazochanganya pikapu mbili, zinalia kama kengele, lakini makali yamepigwa msasa. Upande mwingine wa barabara hiyohiyo kuna Texas Special za Fender, zenye alniko 5 na mizunguko mingi kuliko ya kawaida. Zinatoa katikati nene na nguvu zaidi, ingawa ncha ya alniko 5 inabaki. Nikiulizwa na mpigaji wa rizimu nasema ya kwanza. Mpigaji wa bluzi anayekaza mkono, ya pili.

Kuna ujanja mdogo hapa. Pikapu ya daraja ya Telecaster, gitaa jingine la Fender, ina bamba la chuma chini yake, na bamba hilo linachangia ule unene ambao daraja la Stratocaster halina. Unaweza kununua bamba kama hilo la pikapu ya Stratocaster, ukaligundisha chini na kuliunganisha na ethi. Haligeuzi gitaa kuwa hambaka, lakini linaijaza ile sehemu ya chini kidogo. Kwa gharama yake, silidharau.

Kama unataka mabadiliko makubwa bila kukata mbao, kuna hambaka zilizobanwa zikaingia kwenye nafasi ya koili moja. Little '59 ya Seymour Duncan inaelekea kwenye sauti ya zamani. Chopper ya DiMarzio ina nguvu zaidi. Hot Rails niliyoitaja ni ya rock nzito. Faida yake ya pili ni kwamba mvumo wa umeme unakufa. Kama unapiga kwenye kumbi zenye jenereta na taa za neoni, hiyo peke yake inatosha kukushawishi. Ninachowaonya watu ni kuchagua ile nzito zaidi kwa kudhani ndiyo iliyoshiba zaidi. Pikapu ya henri 8 kilele chake ni hezi 2,500. Ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyuzi sita sauti inakuwa uji. Na ukiifunga darajani ukaziacha koili moja mbili za zamani, kila ukibadilisha swichi sauti inapanda na kushuka kama mtu anachezea redio.

Hatua kubwa zaidi ni hambaka kamili darajani. Ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson, aliyeomba hataza mwaka 1955. Magitaa yakaanza kufungwa nayo 1957, na hataza ikatoka 1959. Zile za kusubiria hataza zilibandikwa karatasi yenye maneno ya "Patent Applied For", na hadi leo neno PAF ndilo watengenezaji wanalolitumia kuuza sauti ya aina hiyo. '59 ya Seymour Duncan na PAF 36th Anniversary ya DiMarzio zote zinakwenda huko. Fungua bamba utazame: nakala nyingi zina shimo moja kubwa linalomeza hambaka bila patasi, na kilichobaki ni kununua bamba la plastiki lenye tundu lake. Kama shimo ni dogo, mpe kazi seremala wa magitaa. Patasi ya nyumbani na gitaa la lakeri haviendani.

P-90, ya Gibson tangu 1946, ni koili moja pana. Ina unene wa katikati ambao nakiri naupenda kuliko wa hambaka, kwa sababu noti inabaki na uso wake. Phat Cat ya Seymour Duncan ni P-90 iliyovishwa umbo la hambaka, kwa hiyo inaingia kwenye nafasi ya hambaka. Kubali tu kwamba itavuma kama koili moja.

Kabla hujachagua, jambo moja kwa wanaopiga kwenye bendi. Dansi letu lina solo, solo la pili, rizimu na besi, kila gitaa na mahali pake. Ule ukali unaokuchosha ukipiga peke yako chumbani ndio unaolipitisha solo juu ya tarumbeta na tumba, hasa wimbo ukishafika kwenye sebene. Nimemwona mpigaji solo akifunga hambaka nzito, akafurahi wiki moja ya mazoezi, kisha kwenye onyesho akapotea kabisa. Watu waliona mikono yake tu. Kama wewe ni solo, tuliza kidogo sana. Kama ni rizimu, nenepesha, lakini usiingie kwenye shamba la besi.

Hatua ya 6: Kabla ya kulipa

Pima kwa rula umbali kati ya katikati ya uzi wa kwanza na wa sita darajani. Hambaka za umbo la Gibson zina vichwa vilivyobanana zaidi. Daraja la aina ya Fender linataka ile pana, milimita 51 hivi, ambayo DiMarzio huiita F-spaced na Seymour Duncan huiita Trembucker. Kwa koili moja, angalia kama kava lako la plastiki lina matundu yenye nafasi ileile. Ukiona shaka, nunua pikapu pamoja na kava lake.

Pima kina cha shimo pia. Pikapu yenye koili zilizopandiana ni ndefu kwenda chini kuliko ya kawaida, na kwenye miili myembamba inagusa mbao.

Ukinunua mkononi kwa mtu, nenda na multimita. Pikapu inayouzwa kwa jina kubwa huku inasoma nusu ya kiloomu zinazotajwa na mtengenezaji wake, iache mezani. Isiposoma kitu kabisa, waya umekatika ndani.

Na kama unanunua moja badala ya seti, uliza kuhusu ya kati. Kwenye seti nyingi za kisasa pikapu ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imepinduliwa, ili swichi namba 2 na 4 zisivume. Ukichanganya watengenezaji, unaweza kukuta namba 2 imekuwa nyembamba, imebana puani kama sauti ya simu. Pikapu mbili zinavutana badala ya kusaidiana.

Kipimo chake ni rahisi na kinafaa kufanyika mezani. Weka multimita kwenye kiloomu 20, shika waya mbili za pikapu, nyekundu ya mita kwenye waya wa sauti. Lalisha bisibisi ya chuma juu ya vichwa vya sumaku, kisha inyanyue ghafla. Namba itaruka kidogo, juu au chini, halafu itarudi. Fanya hivyo kwa pikapu mpya na kwa ya zamani. Zikiruka upande mmoja, ziko pamoja. Zikipingana, utabadilishana waya mbili za mojawapo. Kama pikapu ina kava au bamba la chuma lililounganishwa na waya wa ethi, kwanza tenganisha kiungo hicho, la sivyo kava litageuka kuwa antena.

Hatua ya 7: Kufunga

Vua nyuzi zote. Funika mwili wa gitaa kwa kitambaa, kwa sababu tone moja la lehemu linatosha kuacha alama ya maisha. Kifaa cha kulehemu cha wati 40 kinatosha. Kwenye mgongo wa poti, kwaruza kidogo kwa msasa, pasha, weka lehemu, toka. Usikae hapo sekunde 10 ukisubiri. Utaipika poti ndani.

Pikapu ya koili moja ina waya mbili: wa sauti unakwenda kwenye mguu wake wa swichi, mwingine kwenye mgongo wa poti ya volyumu. Hambaka ya waya nne ndiyo inayowachanganya watu, kwa kuwa kila mtengenezaji ana rangi zake. Kwa Seymour Duncan, mweusi ni wa sauti, kijani na ule uchi ni ethi, mwekundu na mweupe vinaunganishwa pamoja na kufungwa kwa utepe. Kwa DiMarzio, mwekundu ni wa sauti, kijani na uchi ni ethi, na vinavyounganishwa pamoja ni mweusi na mweupe. Ukifuata mchoro wa mmoja kwa pikapu ya mwingine, utapata sauti ya ajabu au kimya.

Ukishafunga hambaka darajani na kubakiza koili moja mbili, mgogoro wa poti unaanza: 500 au 250? Kwa kuwa nia yetu ni kutuliza, mimi huacha 250 na kusikiliza. Ikiwa hambaka imefifia mno, naweka poti ya 500 kwenye volyumu, halafu kila koili moja naifungia rizista ya kiloomu 470 kati ya mguu wake wa swichi na ethi. Hivyo hambaka inapata hewa yake, nazo koili moja haziamshi ukali wa zamani.

Kabla ya kurudisha bamba, chomeka kebo, punguza volyumu ya amplifaya, na gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi huku ukizungusha swichi. Kila nafasi inapaswa kugonga pikapu yake na si nyingine. Kuligundua kosa sasa ni dakika mbili. Kuligundua ukishafunga nyuzi na skrubu zote 11 ni jioni nzima, nami jioni za namna hiyo ninazo kadhaa.

Weka nyuzi, tuni, kisha rudi hatua ya 2. Pikapu mpya haijui urefu wa ile ya zamani, na hukumu unayoitoa kabla ya kuirekebisha ni hukumu ya skrubu. Sikiliza kwa amplifaya na kebo unayopigia kila siku, halafu bendi nzima ikiwa inapiga, maana chumbani kila pikapu nene ni tamu. Subiri wiki mbili kabla ya kusema umeipenda au hujaipenda.

Zile za zamani usizitupe. Zitie kwenye mfuko pamoja na skrubu na springi zake, andika kwa kalamu nene "daraja", "kati", "shingo". Siku ukiliuza gitaa hilo, mnunuzi anaweza kuwa yule anayetaka linalochoma.